Nani Anamaliza Heksani Yangu?

Jumatatu, 3 Machi

Imetangazwa. Tanuri ni moja, wanafunzi ni wawili, na muhula ujao Profesa atampa mmoja wetu tu. Atasikiliza matokeo yetu Alhamisi ya wiki ijayo, kisha ataamua. Atakayekosa atahamishiwa kile chumba cha chini kisicho na dirisha, akakusanye makala za watu wengine na kuzipanga kwenye kompyuta mpaka macho yaote ukungu. Profesa alilisema hilo huku akitabasamu, kama mama anayegawa peremende.

Mimi siendi chumba kile. Nimezaliwa kwa ajili ya tanuri.

Mpinzani wangu ni Kitambaa. Ndivyo tunavyomwita maabarani, kwa sababu hajawahi kuonekana bila kitambaa mkononi. Anafuta meza. Anafuta mizani. Anafuta kitasa cha mlango baada ya kushikwa na mimi! Ana sauti ya chini, viatu safi, na mirija yake ameipanga kwa urefu. Mtu wa namna hii lazima ana kitu anachoficha.

Nieleze kazi yangu hapa, ili siku nikifa au nikipata sifa, atakayesoma aelewe. Chini ya ardhi kuna jiko. Majani na mwani uliokufa zamani hupikwa huko kwa maji moto, mawe na mgandamizo mpaka hugeuka mafuta. Hakuna anayekoroga. Hakuna kiwanda, hakuna tindikali ya kuunguza vidole. Mimi nataka kuiba mapishi hayo. Naweka kampaundi kidogo, ndugu wa nta, ndani ya mrija wa kioo kigumu. Natia maji na vumbi la jiwe jeusi lenye zinki na salfa. Naziba mdomo wa mrija kwa moto. Naingiza tanurini. Swali langu ni moja: je, jiwe linaweza kuing'oa haidrojeni kutoka kwenye kaboni? Hizo mbili zimeng'ang'aniana kiasi kwamba kuzitenganisha kunawatoa wakemia jasho. Jiwe likiweza, basi tumepata fundi asiyelala wala kulalamika.

Shangazi, ambaye naishi kwake, huwaambia wateja wake wa cherehani kwamba nasomea kupika mawe. Nimeacha kumsahihisha.

Jumanne, 4 Machi

Wizi!

Heksani yangu inapungua. Heksani ndiyo kiyeyushi changu, kimiminika cha kusuuzia mirija na kuchotea kilichopikwa. Bila hiyo mimi si kitu. Chupa kubwa nimeifungua juzi juzi tu, na leo iko nusu. Mimi natumia kwa uchoyo, tone kwa tone. Nani anaimaliza?

Jioni nimepata jibu. Nilikuwa nimesahau mwavuli, nikarudi. Nikamwona kwa macho yangu mwenyewe: Kitambaa, peke yake, ameishika chupa yangu kwa mikono miwili! Aliponiona akaiweka chini taratibu, akafuta meza, akaniaga kwa upole. Upole ule ndio ulionithibitishia.

Nimefika nyumbani nawaka. Nimemsimulia Shangazi. Hakuacha kushona. Akauliza kama nimemuuliza kijana mwenyewe. Nikamweleza kwamba mtu aliyesoma haulizi, anathibitisha. Shangazi akasema basi kusoma kuna mzunguko mrefu sana. Binamu, bintiye, ambaye anatengeneza simu mjini na hana heshima kwa sayansi, akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Wacheke. Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wenyewe ni mzuri hadi najionea haya kuusifu.

Kabatini kwangu kuna kichupa cha kampaundi yenye alama. Ni nta ya kawaida, ila haidrojeni zake zote zimebadilishwa zikawekwa haidrojeni nzito. Haidrojeni nzito ni haidrojeni ile ile, tabia ile ile, ila uzito ni maradufu. Molekuli iliyoivaa ni kama gauni ambalo Shangazi amelishonea vyuma kwenye pindo: kwa macho ni lile lile, mizani ndiyo italisema. Wanaochunguza miamba hufuatilia safari za molekuli kwa njia hii. Unaitia alama, unaiachia iende zake, kisha unaitafuta ilikoishia.

Wao wanafuatilia mafuta. Mimi nitafuatilia mwizi!

Nimetia chembe ndogo ndani ya chupa kubwa ya heksani. Haionekani, hainuki. Popote Kitambaa atakapoitumia, heksani itaruka hewani na nta yenye alama itabaki kwenye mirija yake. Kisha Bibi atamtaja. Bibi ni mashine yetu ya kupima uzito wa molekuli. Tunamwita hivyo kwa sababu ni mzee, anaguna, hapendi kuharakishwa na hasahau kitu.

Nimetega wakati wa chai, wote wakiwa nje. Kisha nikarudi mezani pangu, nikajaza chupa yangu ndogo ya kubinya kama kila siku, nikasuuza mirija yangu yote mara mbili mbili mpaka ikang'aa. Kitambaa alipopita akanisifu kwa usafi. Mnafiki.

Kuna jambo dogo la nafasi. Profesa anataka kila mpiko uwe na mirija mitupu, yaani yenye maji na jiwe bila kampaundi, ili uchafu ukitokea ijulikane umetoka wapi. Lakini matundu ya tanuri ni machache. Nina mirija yenye jiwe na mirija isiyo na jiwe. Hiyo inatosha kulinganisha. Kupika mrija mtupu ni kama kubandika sufuria jikoni ili kuona kama hewa itaiva. Mitupu itasubiri.

Ijumaa, 7 Machi

Vita vya tanuri. Joto la katikati ndilo lililotulia, pembeni linayumba. Nimefika maabarani kabla ya mfagiaji na nimekamata matundu yote ya katikati. Kitambaa alipofika nilijifanya nasoma. Alitazama, akasema hamna neno, dada, akaweka mirija yake pembeni. Nusu ya mirija yake ni mitupu! Ana nafasi chache na bado anapika hewa. Nilikaribia kumwonea huruma.

Nimefunga mlango wa tanuri mwenyewe. Kwa shangwe nimeusukuma kwa nguvu mno, na mkono wa koti langu umebanwa. Nimesimama pale nikiwa nimeshikamana na tanuri kama mtu anayeaga mpendwa wake, mpaka Kitambaa akaja kunifungulia. Hakucheka. Alitoa kitambaa, akafuta alama ya koti mlangoni.

Jumapili, 9 Machi

Kungoja. Mirija inaiva bila mimi. Nawaza jiwe langu jeusi gizani, kimya, linafanya kazi au halifanyi. Hakuna mtu ninayeweza kumweleza hofu hii bila kuonekana mgonjwa. Nimeosha nywele ili nipate la kufanya. Joto la tanuri linazikausha, kwa hiyo siku hizi chupa ya mafuta ya nywele natembea nayo begini.

Binamu ameuliza itakuwaje nikikosa. Nimesema sitakosa. Ameuliza tena, safari hii bila utani. Nikamwambia ukweli: nikikosa, nitakuwa mtu anayesoma kuhusu moto wa wenzake. Akasema chumba kisicho na dirisha kina faida moja, huwezi kujirusha. Huyo ndiye ndugu niliyepewa.

Jumatatu, 10 Machi

Siwezi kuandika kwa utulivu. Nitaandika bila utulivu.

Nimepasua mirija. Nimechota kilichomo, nimempa Bibi. Bibi akaguna, akaguna, akatoa karatasi. Nta yangu ya kawaida ipo, imebadilika kiasi, vizuri. Lakini pembeni yake, kwenye kila mrija, kuna molekuli nzito. Nzito kwa haidrojeni nzito!

Mimi sikuweka haidrojeni nzito kwenye mpiko huu. Maji yangu ni ya kawaida. Nta yangu ni ya kawaida. Basi imetoka wapi?

Nimekaa chini. Nimefikiri. Maji yote duniani yana haidrojeni nzito kidogo sana, ya asili. Jiwe langu limeichuja! Limekwenda majini kama mchambuaji wa mchele, limeokota nzito moja moja na kuivisha kaboni! Hakuna aliyewahi kusema hivi. Huenda nitapewa sio tanuri tu, bali jengo.

Nimekimbia kwa Profesa. Alivua miwani, akaisafisha, akaivaa, akaitazama karatasi, akavua tena. Akasema ni ajabu. Akasema ajabu mara mbili! Kisha akasema niyalete Alhamisi, yote, pamoja na matokeo ya mirija mitupu.

Nilitoka nikitabasamu kwa shida kidogo.

Kitambaa alikuwa mlangoni na alisikia. Alinipongeza. Halafu kwa ile sauti yake ya chini akauliza kama molekuli nzito imeonekana hata kwenye mirija isiyo na jiwe. Nikasema ndiyo. Akauliza sasa kama jiwe ndilo linalochuja, kule kusiko na jiwe nani amechuja. Wivu! Nimemwambia kwamba ugunduzi mkubwa huwa na ukungu mwanzoni. Akaitika kwa kichwa na kwenda kufuta dirisha.

Swali lake limenifuata mpaka nyumbani. Nimelifungia nje.

Jumanne, 11 Machi

Leo ndiyo siku ya kumnasa Kitambaa. Sampuli zake zimepita kwa Bibi, na zamu ya kuchapa karatasi ilikuwa yangu. Nilizitazama kwa pupa kama mtu anayefungua zawadi.

Safi. Hakuna alama. Mirija yenye kampaundi, safi. Mirija mitupu, safi kama maji ya mvua. Bibi hana la kusema juu yake.

Nikaudhika. Nikajiambia ni mjanja, amenusa mtego. Ili nijue hasa nilichokuwa nakitafuta, nikachukua uzito wa kampaundi yangu yenye alama, ile ya kwenye chupa ya heksani, nikauweka kando ya karatasi zake. Karatasi zangu zilikuwa hapo hapo mezani.

Uzito ule ule.

Nikaangalia tena. Nikageuza karatasi juu chini, kana kwamba itasaidia. Molekuli yangu ya ajabu, iliyookotwa na jiwe kutoka katika maji ya dunia, ilikuwa ni ile nta niliyoitia mwenyewe kwa mkono wangu wakati wa chai. Chupa kubwa. Chupa ndogo ya kubinya. Mirija, mara mbili mbili. Nimemtegea mtu mtego, nikauvaa miguu yote miwili, nikaenda nao kwa Profesa kumwonyesha viatu vipya.

Nimeshuka chini kukitazama kile chumba. Kina kiti kimoja chenye mkono uliovunjika. Nimekikalia. Kinanifaa.

Huko ndiko Kitambaa alikonikuta. Alikuja kuchukua ndoo. Aliuliza nina nini. Sijui kilichonipata, labda ni lile giza, nikamuuliza waziwazi alikuwa anafanya nini na chupa yangu ya heksani Jumanne ile.

Akashangaa. "Nilikuwa naikaza kifuniko, dada. Wewe hukikazi. Kila jioni nakikaza mimi, lakini mchana inakuwa imeshapaa."

"Kila jioni?"

"Tangu muhula uanze. Nilitaka kukwambia, nikaona utadhani nakusimanga."

Heksani huruka hewani upesi kuliko kitu chochote mezani pangu. Hilo nalijua. Nimeliandika kwenye mtihani na nikapata alama zote. Mwizi ni hewa! Na mtu pekee aliyekuwa akinilindia mali ndiye niliyemtegea.

Sikumwambia habari ya mtego. Nilimsaidia kubeba ndoo. Ilikuwa tupu.

Jumatano, 12 Machi

Kesho ni kesho. Nimeamka na mipango.

Mpango wa kwanza: niugue. Shangazi alinigusa paji la uso, akasema niko baridi kama mkasi wake.

Mpango wa pili: Shangazi apige simu kwa Profesa aseme tumefiwa. Akauliza tumefiwa na nani. Nikasema yeyote, wa mbali. "Mimi simuui ndugu yangu hata mmoja kwa ajili ya mawe," akasema, akaendelea kukata kitambaa. Binamu akajitolea afe yeye, mradi asiende kazini.

Mpango wa tatu: Bibi aharibike. Niliusogelea waya wake kwa dakika nzima. Bibi akaguna. Nikashindwa. Mtu hamfanyii bibi kizee hivyo.

Kwa kuwa mipango imeisha, nimebaki na karatasi. Nikakaa nazo ukumbini, kando ya cherehani, nikizitazama kwa chuki. Na unapokitazama kitu kwa chuki muda mrefu, unakiona vizuri.

Kwenye mirija isiyo na jiwe, nta yenye alama ina uzito wake kamili. Kwenye mchoro wa Bibi ni mlima mmoja, umesimama peke yake. Kwenye mirija yenye jiwe kuna mlima, na kando yake mwingine mwepesi kidogo, na mwingine mwepesi zaidi, na mwingine, inashuka kama ngazi. Jana nilitazama kidato cha juu tu! Nta imekuwa ikivua haidrojeni zake nzito moja baada ya nyingine na kuvaa nyepesi za majini. Palipo na jiwe tu. Pasipo na jiwe, hakuna iliyovua.

Jiwe linang'oa! Linaing'oa haidrojeni kutoka kwenye kaboni, ndani ya maji moto, bila tindikali, bila kiwanda, gizani. Ndilo swali langu lenyewe. Limejibiwa na mtego wangu, wakati mimi nikimtafuta mwizi.

Nimepiga kelele. Shangazi amejichoma sindano. Nikamweleza, nikatumia mfano wa gauni na vyuma vya pindo: kuna mtu amefumua vyuma kimoja kimoja na kurudishia uzi, na fundi huyo ni jiwe. Shangazi alisimamisha cherehani. Hajawahi kusimamisha cherehani kwa ajili yangu.

"Sasa hapo ndipo nimekuelewa," akasema. "Kumbe unasomea kufumua."

Alhamisi, 13 Machi

Kitambaa alianza. Matokeo yake: jiwe alilolichagua halikufanya chochote. Alilithibitisha hilo kwa usafi wa kutisha. Mirija mitupu, mirija yenye kampaundi, hesabu zote zimekaa. Profesa alisema hajapata kuona kitu kisichotokea kikielezwa vizuri namna ile.

Kisha mimi. Nilikuwa nimeandaa sentensi tamu: kwamba niliingiza kampaundi yenye alama kwenye mfumo ili kuchunguza tabia yake. Nikaitamka. Ilisikika vizuri sana.

"Uliiingiza kwa njia gani, binti?" Profesa akauliza.

"Kupitia heksani."

"Kwa nini kupitia heksani?"

"Kulikuwa na uchunguzi mwingine."

"Wa nini?"

Nikasema wa upotevu wa heksani. Akauliza kama nimegundua inakopotelea. Nikasema ndiyo, hewani. Akauliza ni nani nilimdhania kabla ya hewa. Kitambaa, aliyekaa nyuma, alitoa kitambaa chake na kuanza kufuta miwani yake, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! Bila sauti, kama afanyavyo kila kitu. Alicheka mpaka akafuta na macho.

Nikaonyesha ngazi. Nikaacha maneno matamu, nikasema tu ninachokiona: hapa pana jiwe, hapa hapana. Hapa imevua, hapa haikuvua. Profesa alivua miwani na hakuivaa tena mpaka nilipomaliza. Akasema hivi, na nayaandika kama yalivyotoka: "Umefanya kosa la kipuuzi, na ndani ya kosa kuna kitu cha kweli. Nenda ukakifanye hicho cha kweli kwa makusudi."

Uamuzi ni huu. Jumatatu narudia mpiko. Chupa mpya. Nta yenye alama iwekwe pale inapotakiwa tu. Nusu ya mirija iwe mitupu, na Kitambaa ndiye ataikagua. Mirija mitupu ikitoka safi na ngazi ikajitokeza tena, tanuri ni langu muhula mzima. Ikionekana chembe moja ya alama kwenye mirija mitupu, nashuka chini kwa kile kiti.

Nilimwomba Kitambaa radhi kwenye korido. Akasema hamna neno. Akasema hata tanuri likiwa langu hatasikitika, kwa kuwa kile chumba cha chini amekwisha kukipima na hakiingii vumbi kabisa. Kisha akanipa kofia ya maabara, ile ya kufunika nywele, mpya, imekunjwa vizuri. Akasema itanisaidia Jumatatu. Sijaelewa nywele zangu zimemkosea nini, lakini nimepokea kwa adabu na kuitia begini.

Jumapili, 16 Machi

Amani moyoni. Nimekuwa mtu mwingine. Sasa najua: usimdhanie mwenzako ubaya, kaza vifuniko, usipuuze mirija mitupu. Nimeyasema haya mbele ya kioo na yamenipendeza.

Kesho naingia tanurini. Yaani mirija. Naliona jiwe langu jeusi likifanya kazi, na safari hii najua linachofanya, na hakuna furaha ninayoijua inayofanana na hii. Shangazi amenipigia pasi koti na kushona ule mkono uliobanwa. Ananiita fundi mwenzake mbele ya wateja.

Kuna jambo moja tu dogo la kinyumbani.

Mafuta yangu ya nywele yanapungua. Chupa nimeinunua juzi juzi tu, na leo iko nusu! Mimi natumia kidogo, tone kwa tone. Na asubuhi nimemwona Binamu kwa macho yangu mwenyewe, amenitolea chupa begini, ameishika kwa mikono miwili. Aliponiona akaiweka mezani taratibu, akasema eti ilikuwa imelala wazi. Eti alikuwa anaikaza! Na kweli kifuniko kilikuwa kimelegea, jambo ambalo ni dalili ya mwizi mwenye haraka. Isitoshe alinisemesha kwa upole. Binamu! Kwa upole!

Simwulizi. Mtu aliyesoma haulizi.

Ile nta yenye alama nilikuwa nimebakiza chembe kwenye kichupa. Haina madhara, haionekani, hainuki. Nimeitia kwenye mafuta na kuitikisa vizuri. Baada ya siku chache nitaazima kitana cha Binamu nimpelekee Bibi, na Bibi hasahau kitu. Safari hii haiwezi kuharibika, maana hii si heksani na hapa si maabarani.

Nimetayarisha begi la kesho. Lina doa kubwa la mafuta kwa chini, sijui limetoka wapi, na ile kofia ya Kitambaa imelowa chepechepe, haivaliki. Nitalichunguza hilo baadaye. Bahati nzuri nywele zangu ziko tayari. Nimezipaka mafuta ya kutosha, mengi mengi, mpaka zinameremeta, na mikono nimeifutia kwenye koti. Siku kubwa kama ya kesho, mtu lazima apendeze.